Kokoto za Njia ya Koki

Jumatatu, 9 Januari 1978. Mutsamudu

Nimepewa baiskeli. Ya kijani, ya mwalimu wa Kifaransa aliyeondoka mwaka wa uhuru akaiacha stoo ya shule. Ina gia tatu. Ya kati haishiki. Kuanzia wiki hii mimi ni mkunga wa njia ya milimani: Patsy, Bazimini, Koki. Zamani mkunga alipanda kwa gari la hospitali. Siku hizi petroli haipatikani.

Aliyenikabidhi ni Inzoudine, mkuu wa kamati ya mudiria, ndivyo wanavyoiita wilaya siku hizi. Ana miaka ishirini na minne. Alikuwa akifundisha hesabu kabla serikali haijawaachisha kazi watumishi wote na kuwapa vijana ofisi.

"Bibi Chamsia, unajua kuendesha?"

"Najua."

"Ulijifunzia wapi?"

"Unguja. Nilizaliwa huko."

Akaandika Unguja kwenye karatasi yake, akapiga mstari chini yake.

Mama Mdogo Zouhoura, dada wa marehemu mama yangu, ambaye naishi nyumbani kwake, alikuwa ameshasikia kabla sijafika mlangoni. "Mwanamke wa nyumba hii juu ya baiskeli," akasema, "miguu nje, mbele ya msikiti wa Ijumaa." Nikaiegemeza baiskeli ukutani, nikaingia.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kuandikia. Watu wa hapa husema Kishindzuani, lugha ya kisiwa hiki na ya mama yangu, lakini nikishika kalamu maneno yao hugeuka Kiswahili yenyewe.

Jumatano, 11 Januari

Safari ya kwanza mpaka Koki. Kutoka mjini hadi Ouani ni pwani, tambarare, lami yenye mashimo. Baada ya Ouani lami inakwisha na mlima unaanza. Kokoto nyekundu, ndogo, zinazoteleza chini ya tairi la nyuma ukisimama kwenye pedali, ukikaa zinashika. Kona saba hadi Patsy. Nilishuka nikasukuma kwenye ya nne na ya sita. Kutoka Patsy njia inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, vilima vimefuatana, kila kilima na ng'ombe mmoja aliyefungwa kamba kwenye mteremko na shamba la mlangilangi lililokatwa fupi. Baada ya Bazimini kokoto ni kubwa, nyeusi, zina ncha. Kuna kijito kinachovuka barabara. Kisha Koki.

Wajawazito watano. Mmoja, Hayati, mke wa Djoumoi, mkulima wa karafuu, amebeba mimba ya nne na hana mtoto hata mmoja aliye hai. Ana miezi sita. Djoumoi alinishikia baiskeli muda wote kama mtu anayeshika farasi wa mgeni.

"Utakuja kila wiki, Bweni?" Ndivyo wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu.

"Mvua ikiruhusu."

Mwaka jana mwezi huu nilishushwa Moroni kwa ndege pamoja na wengine tuliotolewa Majunga, Bukini. Mume wangu Saïndou aliuawa huko Desemba, katika zile siku za mauaji ya Wangazija. Alikuwa fundi cherehani. Nilikaa Ntsoudjini miezi minne kwa watu wasionijua, kisha Mama Mdogo akaniita Mutsamudu. Watu huniuliza kama nimepoa. Sijui wanauliza nini.

Alhamisi, 12 Januari

Mapaja yanauma. Mvua.

Ijumaa, 20 Januari

Pancha mbili. Mvua.

Jumatano, 25 Januari

Inzoudine ameniita ofisini. Ofisi ilikuwa ya mkuu wa wilaya. Sasa ina meza moja, redio, na picha ya Rais ukutani. Mafaili yote yalichomwa mwaka jana kwa amri ya Moroni, na rafu tupu zimeachwa kama zilivyokuwa.

"Unaingia nyumba ambazo sisi hatuingii," akasema. "Unakaa na wanawake. Nataka ripoti kila Ijumaa. Nani anasema nini juu ya mapinduzi. Nani anapanga harusi kubwa kwa siri, zile tulizozipiga marufuku. Nani anazindika watu."

"Mimi mkunga."

"Una baiskeli ya serikali."

Nilifika nyumbani nikachukua karatasi. Niliandika: *Kilomita ya tisa, kona ya tatu, kokoto zimesombwa upande wa bonde. Kilomita ya kumi na mbili, ufa wa upana wa kiganja, unakatiza njia yote. Kijito baada ya Bazimini: maji hadi ekseli.* Ijumaa nitampelekea hiyo. Simfichi mtu wala simpingi mtu. Nikijiuliza nimeona nini huko juu, naiona barabara tu.

Ijumaa, 3 Februari

Amesoma ripoti. Amesema, "Unanichezea, Bibi." Nikasema hapana. Akaniangalia sana, akaiweka kwenye rafu. Ni karatasi ya kwanza kwenye rafu ile.

Jumanne, 14 Februari

Nilifika Patsy saa nne nikakuta watu wamejaa uwanjani mbele ya msikiti. Vijana wa kamati walikuwa wamemtoa mzee Moindjié nyumbani kwake. Wanasema anawaandikia watu hirizi na kuwatoza. Ni mzee wa karibu miaka sabini, mjomba wa Djoumoi wa Koki, kaka wa mama yake. Walimkalisha kwenye debe, wakamvua kofia, mmoja akamnyoa ndevu kwa mkasi wa kukatia vitambaa. Alipotaka kusimama Inzoudine mwenyewe alimpiga kofi. Moja. Kofia ilikuwa chini, watu wakaipisha kama shimo.

Mzee Moindjié alinitazama. Hakumtazama aliyempiga, alinitazama mimi, labda kwa kuwa nilikuwa juu kidogo, mguu mmoja kwenye pedali.

Nilikaa kama dakika mbili. Kisha nikaendelea. Nilikuwa na wagonjwa Bazimini. Kwenye mteremko wa kwanza gia ya kati ilishika kwa mara ya kwanza, na nikafurahi kwa hilo, na nimeliandika hapa ili nisije nikasema baadaye kwamba sikufurahi.

Jumatano, 15 Februari

Mama Mdogo aliuliza kama nilikuwepo. Nikasema nilipita.

Ijumaa, 3 Machi

Ripoti ya sita: *Ufa wa kilomita ya kumi na mbili sasa unaingia gurudumu zima. Baiskeli inabebwa. Mgonjwa hatabebeka.* Inzoudine aliisoma mara mbili. "Hatabebeka kwa nini?" Nikamwambia machela inahitaji watu wanne, wawili wawili, na njia iliyobaki pale ni ya mtu mmoja mmoja. Akauliza kina cha ufa. Akauliza mawe ya kujazia yangetoka wapi. Akaanza kupiga hesabu pembeni ya karatasi yangu, kwa haraka, kama yuko ubaoni.

Jumatatu, 13 Machi

Kilomita ya kumi na mbili. Watu arobaini, vijana wa kamati na wanaume wa Bazimini waliolazimishwa kuja, wanapitishiana mawe toka kwenye kijito kwa mstari mrefu. Inzoudine yumo ndani ya ufa wenyewe, suruali imepandishwa, anapanga mawe makubwa chini, ya kati juu yake, kokoto mwisho. Yale makubwa anayapanga ubapa. Anajua. Nilimuuliza nani alimfundisha.

"Baba. Alikuwa kibarua wa barabara, wakati wa Wafaransa. Mirontsy mpaka hapa, alivunja mawe miaka kumi na moja." Akajifuta uso. "Vuka, Bibi, tuone."

Nikavuka. Kokoto zilikuwa bado zimelegea lakini zilishika. Watu wakapiga makofi, hata wale waliolazimishwa. Djoumoi alikuwepo kwenye mstari. Yeye hakupiga.

Nilimchukia mtu huyu tangu Februari kwa namna ya mtu anayejua kwamba anapaswa kuchukia. Leo nimeona mikono yake. Sijui niweke wapi hicho nilichokiona.

Jumatatu, 27 Machi

Mvua siku tisa mfululizo. Sikupanda.

Alhamisi, 6 Aprili

Naandika kitandani, miguu ndani ya beseni.

Asubuhi nilifika Koki saa tatu na nusu. Kijito kilikuwa juu ya goti. Nilivuka nimebeba baiskeli begani. Hayati alikuwa katika uchungu tangu jana. Bibi wa kijiji alikuwa akimkanda tumbo. Nikagusa: kichwa kushoto, makalio kulia. Mtoto amelala mkingamo. Nilijaribu kumgeuza, mara mbili, mara ya pili taratibu sana, hakugeuka. Maji yalikuwa yameshatoka. Mtoto wa namna hiyo hatoki ila kwa kisu, na kisu kiko Mutsamudu.

Nikamwambia Djoumoi atafute machela na watu wanne, waanze kushuka kwenda Bazimini, nami nitalileta gari pale.

"Gari gani, Bweni?"

"Sijui."

Nilishuka. Sijawahi kushuka vile. Kokoto za ncha toka Koki hadi kijitoni, breki ya nyuma ikawa inanuka. Ule ufa uliojazwa nikaupita bila kushika breki. Hadi Patsy nilitumia dakika arobaini na tano, na hapo nikalikuta gari la mudiria limesimama mbele ya ofisi yao ndogo, Inzoudine ndani yake na vijana watatu. Walikuwa wanaelekea Domoni. Wageni kutoka Moroni walikuwa wanafika mchana. Petroli ya mwezi mzima ilikuwa ndani ya lile gari.

Nilimweleza. Nilimweleza kwa sauti ile ile ninayosomea uzito wa watoto, naijua, nimeisikia.

"Mkutano ni wa saa nane," akasema mmoja wa vijana. "Ndugu Inzoudine, wanatoka Moroni!"

Inzoudine akaniuliza, "Kijito kina kina gani?"

"Juu ya goti. Gari halivuki."

"Basi tunaliacha kijitoni, tunapanda kwa miguu."

Tukaitia baiskeli nyuma ya gari. Tulipofika kijitoni maji yalikuwa yamefika pajani na machela ilikuwa imekwama ng'ambo, watu wanne wamesimama kwenye mvua wamembeba Hayati chini ya majani ya mgomba. Wawili walikuwa wafupi. Inzoudine aliingia majini na viatu, akachukua nafasi ya mmoja wao mbele, kijana wake mmoja nyuma. Djoumoi alikuwa mbele upande wa pili. Wakavuka hivyo, bega kwa bega, Djoumoi na yeye, na Hayati akisema, "Msiniangushe, msiniangushe."

Hospitali saa saba. Daktari alimpasua saa saba na nusu. Mtoto wa kike, kilo mbili na gramu mia saba. Alilia. Djoumoi alikaa chini kwenye korido akajifunika uso kwa kofia. Nesi alinikumbatia. Nilimshukuru. Nilikuwa naangalia matope kwenye sakafu nikifikiri nani atayafuta, na nikayafuta.

Ijumaa, 7 Aprili

Inzoudine ameitwa Moroni kujieleza kwa nini hakufika Domoni. Mtoto anaitwa Moinaidi.

Alhamisi, 20 Aprili

Amerudi. Amevuliwa ukuu, amebaki mwanakamati. Nilimkuta njiani Ouani. "Ripoti ziendelee, Bibi," akasema. "Mtu mwingine atazisoma." Alicheka kidogo. Sikujua kama kile ni kicheko.

Jumamosi, 13 Mei

Redio Moroni imetangaza kwamba serikali imepinduliwa. Walioshuka pwani ni wanajeshi wa kizungu. Rais kashikwa. Mama Mdogo alitoa sandukuni shiromani yake nyekundu, shuka ya kujifunika ambayo kamati ilikataza isivaliwe, akaitandika kitandani, akaipiga pasi kwa mkono. Mtaani wanawake wanapiga vigelegele. Niliosha mnyororo wa baiskeli kwa mafuta ya taa.

Jumapili, 14 Mei

Ofisi ya mudiria imevunjwa. Vijana wa kamati wanasakwa.

Jumanne, 16 Mei

Mama Mdogo alisema nisipande leo. Nilimwambia Moinaidi ana wiki sita, lazima apimwe. Akasema, "Nenda basi, wewe huna wa kukukataza."

Koki, mbele ya kiwanda cha kukamulia mlangilangi, kulikuwa na watu kama sitini, wengine wa Patsy. Inzoudine alikuwa katikati, magotini. Alikuwa amekimbilia huko tangu Jumapili na wakamtoa migombani. Kichwa kilikuwa kimenyolewa nusu. Djoumoi alikuwa amesimama juu yake na mchi. Nilipofika alikuwa ameshaushusha. Mkono wa kulia wa Inzoudine ulikuwa umekunjika mahali pasipo na kiungo.

Mtu wa Patsy alinishika usukani. "Na huyu ndiye aliyekuwa anamwandikia! Kila Ijumaa! Uliandika nini juu yetu, mwanamke wa Unguja?"

Mwingine alikuwa na karatasi zangu, walizitoa ofisini. Akampa aliyejua kusoma. Huyo akasoma kwa sauti: kilomita ya tisa, kokoto zimesombwa. Kilomita ya kumi na mbili. Kijito, maji hadi ekseli. Akafungua nyingine. Kona ya sita, jiwe limeanguka. Akafungua ya nne, ya tano. Mtu akacheka, kisha wachache zaidi. Yule wa Patsy akauachia usukani.

Wakaniuliza, kwa kuwa nilikuwa nimesimama na sikuondoka: niliona alivyomfanya mzee Moindjié?

"Nilimwona," nikasema. "Alimpiga kofi mbele ya msikiti. Nilikuwepo nikapita. Na Aprili nilimwona hapo kijitoni na machela begani. Yote mawili nimeyaona."

Sikusema ili kumwokoa. Nadhani nilisema kwa kuwa wameuliza. Nililaza baiskeli, nikapiga magoti, nikaushika mkono.

"Unamfunga ya nini?" akasema mtu nyuma yangu. "Mtu kama huyu?"

"Mkono umevunjika."

"Si tunakuuliza ya nini?"

"Mkono umevunjika," nikasema tena. Sikuwa na jingine. "Djoumoi, nipe vipande viwili vya mwanzi. Urefu huu."

Djoumoi alisimama na mchi wake. Kisha akauegemeza ukutani, akaenda, akarudi na mianzi miwili aliyoipasua kwa panga, imelainishwa kingo. Alinishikilia kiwiko cha Inzoudine wakati nauvuta mfupa. Inzoudine alipiga kelele. Djoumoi alikuwa analia bila sauti, na alisema, nadhani akiniambia mimi, "Moindjié ni mjomba wangu." Nikasema najua. Hayati alitoka na mtoto mgongoni, akarusha kanga. Niliipasua nikafungia.

Nilimkalisha Inzoudine kwenye keria ya nyuma, mkono wake mzima kiunoni mwangu, mimi natembea nimeshika usukani na breki. Kuna njia mbili za kushuka. Ya mkato inapita migombani, haina watu, imejaa mawe na ngazi za mizizi. Barabara kuu inapita kila kijiji. Mkono uliovunjika hauwezi mawe. Nikachukua barabara kuu.

Bazimini walitutemea mate. Patsy mtu alitupa ganda la nazi likanipata mgongoni. Kwenye kona saba nilikuwa nazuia uzito wake kwa nyonga, kokoto zinateleza, na kila baiskeli ilipogonga jiwe alipiga kelele, kisha akasema, "Samahani, Bibi." Nilimwambia asiombe samahani, anipe habari ya mkono: vidole vinasikia? Vinasikia. Baada ya dakika nikauliza tena. Hivyo mpaka Ouani. Baada ya Ouani ni lami.

Jumatano, 17 Mei

Nesi ameniambia kwamba Mama Mdogo alifika hospitali alfajiri na bakuli la uji kwa ajili ya Inzoudine, amejifunika shiromani yake nyekundu, akasimama mpaka amemaliza, akaondoka na bakuli lake. Mimi hakuniambia. Mchana tulikula samaki, akaniuliza kama chumvi imezidi.

Ijumaa, 19 Mei

Wanajeshi wamemchukua Inzoudine hospitalini pamoja na wengine sita. Wamepandishwa meli ya Moroni. Mkono ulikuwa bado umefungwa kwa ile kanga.

Jumatatu, 22 Mei

Mvua imekwisha kabisa. Njia nzima vumbi. Moinaidi kilo nne.

Jumanne, 23 Mei

Alikuja mwanamke wa Mirontsy, mrefu, amejifunika, akasimama mlangoni mpaka Mama Mdogo alipomvuta ndani kwa mkono. Ni Moinafouraha, mama wa Inzoudine. Hakufika hospitali kwa wakati. Walipomwambia, mwanawe alikuwa ameshaondolewa.

Alikaa kwenye mkeka. Hakugusa chai.

"Wanasema hakuumizwa sana," akasema. "Kila mtu ananiambia hivyo. Jirani zangu, imamu, mpaka wanajeshi. Wewe ndiye ulikuwa naye. Niambie kweli, mwanangu."

Mama Mdogo alinitazama kwa jicho la kunizuia.

"Aliumizwa," nikasema. "Mfupa ulikatika vipande viwili. Nilipouvuta alipiga kelele iliyosikika mpaka ng'ambo ya bonde. Njiani alipiga kelele mara nyingi."

"Wapi?"

"Unataka nikwambie wapi?"

"Nataka."

Basi nilianza Koki. Nilimwambia kokoto nyeusi zenye ncha na jinsi nilivyozikwepa upande wa kulia, kijito kilichokuwa kimekauka mpaka kifundoni, mahali alipoomba maji na mwanamke gani wa Bazimini aliyempa baada ya wengine kutema. Nikamwambia ule ufa uliojazwa, kwamba tulipofika pale baiskeli haikuruka hata kidogo na yeye akasema mawe yamekaa vizuri. Nikamwambia kona saba, moja baada ya moja. Kwenye ya nne alimwita mama yake. Sikumficha hilo. Moinafouraha alikuwa amefumba macho, kichwa kinakwenda kushoto na kulia polepole kwa kila kona, kana kwamba yumo njiani. Nilipofika kwenye lami alifumbua.

"Ahsante," akasema. "Sasa najua alipopita."

Kisha akaniuliza, "Na wewe, mwanangu? Wako ni nani?"

Nikasema nilikuwa na mume, Majunga. Waliniambia alikufa papo hapo. Mkimbizi mwenzetu aliyeniletea habari alisema hivyo huku akiangalia pembeni. Ntsoudjini tulikuwa wajane kumi na mmoja, na waume zetu wote kumi na mmoja walikufa papo hapo. Sikumuuliza yule mtu ilikuwa mtaa gani. Sikumuuliza ilichukua muda gani. Alikuwa anajua, nami nilimwacha aondoke, na mwaka mzima huu sijaweza kumweka Saïndou mahali popote.

"Alikuwaje?" akauliza Moinafouraha. "Kabla ya hapo."

"Alikuwa fundi," nikasema. "Mkasi upo mkononi, lakini uzi anakata kwa meno. Nilikuwa namgombeza. Akimaliza shati anabaki na kipande cha uzi mdomoni, anakaa kula nacho, hana habari..."

Nilitaka kuendelea. Sauti ilikatika, nikaingoja, na kilichotoka hakikuwa sauti. Kilinikunja mpaka paji la uso likagusa mkeka. Nilisikia Mama Mdogo akiinuka kwenda kufunga mlango wa mtaani, na Moinafouraha akisogea karibu, akiniweka mkono mgongoni, pale pale lilipopiga ganda la nazi, pakauma, na nikamwambia asiuondoe.